Benchi Lenye Mgongo

Baba yangu akiingia karakana ya Mjomba, hata mbao zilizolala sakafuni hutamani kusimama wima. Mtaani wanamwita Timazi, kwa sababu ya ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, ambayo waashi huining'iniza ukutani kuona kama ukuta umenyooka. Ya kwake huiweka mfukoni mwa koti na kwenda nayo kila mahali, hata kanisani. Wapo wanaoamini kwamba kabla hajaitikia salamu yako, anakupima kwanza.

Siku hiyo alitukuta kazini. Mjomba alikuwa anakata, mimi napiga msasa mguu wa meza. Hapo karakana kazi zetu zinajulikana: Mjomba anakata na kuunga, mimi namalizia kwa msasa, vanishi na porojo. Nyumbani wananiita Redio. Sijui kwa nini.

"Bwana asifiwe, shemeji," Baba akasema.

"Amina, shemeji. Karibu kiti."

"Sikai. Nimeleta kazi ya kanisa. Nataka benchi refu, jembamba, lisilo na mgongo. Litawekwa nyuma kabisa, karibu na mlango."

Mjomba akachomeka penseli nyuma ya sikio. "Jembamba kiasi gani?"

Baba akaonyesha kwa viganja.

"Shemeji, hapo watakaa kuku."

"Hapo watakaa walio chini ya nidhamu."

Kanisa letu lina desturi yake. Mtu akianguka katika jambo linalojulikana na watu, huhamia nyuma, na hapewi Meza ya Bwana mpaka wazee wa kanisa waridhike. Zamani walikalia viti vya plastiki. Kisha kimoja kikavunjika chini ya mama mmoja mwenye mwili wake, aliyewekwa nyuma kwa ajili ya umbea. Kilipasuka katikati ya maombi ya kimya, na kimya chenyewe hakikurudi tena siku ile. Kanisa zima lilicheka, na aliyeanguka akacheka kuliko wote. Wazee wakaona adhabu imegeuka burudani. Wakaketi, na Baba, ambaye ndiye msimamizi wa nidhamu, akatoka na wazo la benchi.

"Na mgongo kwa nini usiwepo?" Mjomba akauliza.

"Mtu akiegemea, anasinzia. Akisinzia, hatubu."

"Baba," nikadakia, "mbona mzee mwenye duka anakoroma kule mbele kila Jumapili?"

"Yule hana kosa."

"Kwa hiyo kukoroma ukiwa huna kosa ni ibada?"

"Redio, piga msasa."

Nikapiga msasa. Mjomba akakuna kidevu, akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nalikwepa: "Na wa kwanza kulikalia ni nani?"

Baba akaukunja utepe wake wa kupimia polepole, kama mtu anayekunja kitu kinachouma. "Unamjua. Na sitaki mtu aseme Timazi anapima wa watu na wa kwake anamwacha. Liwe tayari Jumamosi."

Akaondoka. Mjomba akaendelea kuutazama mlango mtupu, na mimi nikarudia msasa wangu.

Wa kwanza kulikalia alikuwa kaka yangu.

Kaka alirithi mkono wa Baba. Akipiga lipu, ukuta unatoka laini mpaka unatamani kuupaka mafuta. Walifanya kazi pamoja tangu amalize shule, na Baba, ambaye kusifu kwake ni kutokemea, alikaa miaka bila kumkemea. Kisha pombe ikaingia. Mwanzo ilikuwa ya kuondoa vumbi kooni, wanavyosema mafundi. Baadaye vumbi likaisha, pombe ikabaki. Siku moja alijenga ukuta wa uani wa mteja akiwa amekunywa. Baba akaning'iniza timazi, na kati ya kamba na ukuta panya mnene angepita bila kuinamisha mkia. Baba hakupiga kelele. Alichukua nyundo kubwa, akaubomoa ukuta wote mbele ya mafundi, akasema: "Ukuta umepinda kwa sababu fundi amepinda. Usirudi kazini wala nyumbani mpaka unyooke."

Kaka akaondoka na mwiko wake tu. Akapanga chumba kimoja nyuma ya kinyozi, na kazi ya kumpelekea chakula cha Mama ikawa yangu. Baba alijua. Kila jioni alikuwa na kitu muhimu cha kutazama dirishani wakati mimi nabeba bakuli kutoka jikoni.

Kilichomtoa Kaka kwenye pombe, mniwie radhi, ni kiatu. Asubuhi moja aliamka kitandani kwake amevaa kiatu kimoja, na hata hicho hakikuwa chake. Akakikagua, akakigeuza, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Akapiga magoti hapo hapo akasema, "Bwana, sina hata cha kukuletea, labda hiki kiatu cha watu." Aliponisimulia nilicheka, kisha nikatoka nje kufuta macho. Tangu siku hiyo hajagusa. Mwenye kiatu naye alipatikana; alikuwa kinyozi.

Sasa alitaka kurudi kanisani. Alikwenda mwenyewe kwa mchungaji kumwambia. Mchungaji wetu ni mpole, angemkumbatia palepale barazani, lakini mambo ya nidhamu yako mikononi mwa wazee, na mikono ya wazee ni mikono ya Baba. Wakaamua: aje, akae nyuma, wamwangalie.

Nilimkuta anapiga pasi shati la Jumapili, ingawa Jumapili ilikuwa bado mbali. Nikamweleza habari za benchi. Sikutaka alione kwa mshangao.

"Halina mgongo?" akauliza.

"Halina. Na ni jembamba. Mjomba anasema ni la kuku."

Akacheka kidogo. Akageuza shati, akapiga pasi kola. "Unajua, Redio, kule baa kila kiti kina mgongo. Hata mlevi wa mwisho, aliyeshindwa kushika chupa yake, wanamwegemeza vizuri asianguke."

Hakulisema kwa uchungu. Ndiyo maana likanichoma.

"Utakuja lakini?"

"Nitakuja. Namhitaji Mungu kuliko ninavyowaogopa wazee." Akaisimamisha pasi. "Ila nakwambia wewe tu, na uifunge hiyo redio yako. Nikiona shingo zote zimenigeukia, sijui kama miguu itanisikiliza. Itanitoa nje. Na ukitoka mlango wa kanisa letu, unatazamana na mlango gani?"

Nilijua. Aliyepanga mtaa wetu alikuwa mtani. Ukivuka barabara kutoka kanisani unaingia baa bila kukata kona.

"Nikivuka ile barabara mara moja," Kaka akasema, "sitavuka tena kurudi. Najijua."

Nikarudi karakana na bakuli tupu na moyo mzito. Nikamwambia Mjomba yote. Ndiyo, nilikuwa nimeambiwa nifunge redio. Lakini kumwambia Mjomba si kumwambia mtu. Mjomba ni kama ukuta, tena ule ulionyooka.

Akaendelea kuranda.

Sasa nieleze jambo moja kuhusu Mjomba, maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Karakana yake haitoi kiti, stuli wala kochi kabla yeye mwenyewe hajakikalia na kunywa kikombe kizima cha chai ya moto. Akikimaliza akiwa ametulia, kiti kinakwenda kwa mwenyewe. Akijikuta anahamahama au amesimama kabla ya kufika chini ya kikombe, kiti kinarudi mezani hata kama mteja yuko mlangoni anapiga miluzi. Wateja wamezoea. Wengine huja na maandazi yao kabisa.

Alilijenga benchi kama lilivyoagizwa: refu, jembamba, bila mgongo. Nikampa chai. Akakaa. Funda la kwanza, akanyoosha shingo. La pili, akahamia pembeni. Akasogea mbele, akarudi nyuma ambako hapakuwa na nyuma, chai nusura immwagikie mapajani.

"Kunywa tu, Mjomba. Mimi si mzee wa kanisa, sitakushtaki."

Akasimama. Kikombe kilikuwa bado nusu.

"Imenishinda," akasema.

Akaenda mwisho wa karakana, akaondoa magunia juu ya mbao fulani nyekundu, ngumu, zilizonyooka kama ahadi ya siku ya kwanza. Nilizijua. Alikuwa anazihifadhi kwa ajili ya kiti chake mwenyewe cha sebuleni. Maana nyumbani kwa Mjomba, wageni na watoto wana viti, na yeye anakalia ndoo iliyogeuzwa. Mkewe humcheka: "Dunia nzima imekaa kwa mkono wako, na wewe umekalia ndoo!"

"Mjomba, hizo si za kiti chako?"

"Zilikuwa."

"Lakini Baba alisema..."

"Baba yako aliagiza benchi. Benchi namtengenezea. Adhabu sikufundishwa kuitengeneza."

Akalivunja lile la kuku, akaanza upya. Alipanua pa kukalia. Kisha akakata miguu ya nyuma, ile inayopanda kushika mgongo, akailaza kidogo. Nikamuuliza kwa nini asiisimamishe wima, ingekuwa rahisi kuunga na pengine Baba angesamehe. Akaegemeza kiganja chake mgongoni mwangu, akanisukuma mbele taratibu.

"Hivi ndivyo mgongo ulionyooka unavyomfanya mtu. Unamwambia ondoka." Kisha akakilegeza kiganja, nikajikuta nimekiegemea. "Na hivi ndivyo uliolala kidogo. Unampokea."

Nililipiga msasa lile benchi kama sijawahi kupiga msasa kitu. Kila nilipopitisha mkono nilikuwa namwombea Kaka. Sijui kama maombi ya vumbi la mbao yanafika, ila yalikuwa mengi.

Jumamosi mchana Baba akaja kukagua. Alisimama mlangoni akalitazama benchi. Limeng'aa, jekundu, pana, na mgongo wake umelala kwa adabu. Mkono wake ukaingia mfukoni peke yake. Akatoa timazi, akaining'iniza kwenye mgongo wa benchi. Chuma kikabembea, kikatulia mbali na mbao.

"Limepinda," akasema.

"Halijapinda, limelala," Mjomba akajibu.

"Shemeji, mimi ni mwashi. Kitu ambacho hakifuati kamba hii kimepinda."

"Na mimi ni seremala. Mtu si tofali, shemeji."

"Nilisema bila mgongo. Kata."

Mjomba hakubisha. Alichukua msumeno, akamkabidhi Baba kwa adabu, mpini mbele, kama mtu anayemkabidhi mgeni kisu cha nyama. "Sawa. Kata mwenyewe."

Baba si mtu wa kurudi nyuma mbele ya watu, hata kama watu wenyewe ni shemeji mmoja na binti mmoja mwenye mdomo. Akaushika msumeno, akainama kutafuta pa kuanzia. Hapo mgongo wake mwenyewe ukakataa. Mgongo uliobeba zege na matofali maisha yake yote, ambao kila Jumapili unakalia kiti cha mbele kilichonyooka kama yeye, ukajifunga. Msumeno ukaanguka. Baba akabaki ameinama kama anayetafuta sindano.

"Baba!"

"Niacheni. Nipo sawa."

"Upo sawa na sakafu," Mjomba akasema. Tukamshika huku na huku, na kwa kuwa kiti cha karibu kilikuwa kimoja tu, tukamkalisha hapo.

Alitaka kusimama, nikamwona. Kisha mgongo ukapokelewa. Mabega yake yakashuka. Uso wake ukafanya kitu ambacho sikuwahi kuuona ukifanya: ulipumzika. Mjomba akamimina chai, akampa. Na mimi, andikeni mahali, nilifunga redio.

Baba akanywa. Akanywa tena. Akaifuata chai mpaka chini ya kikombe.

"Mbao hizi umezitoa wapi?" akauliza mwishowe, akipapasa ukingo.

"Nilikuwa nazo."

"Za kiti chake cha sebuleni," nikasema. Kimya kina mwisho.

Baba akamtazama shemeji yake. "Nani alikuambia umpe mwanangu?"

"Hakuna."

"Hajafanya lolote la kustahili mbao kama hizi."

"Kweli, hajafanya. Na wewe hujafanya lolote la kustahili chai yangu, ulikuja kunivunjia kazi. Lakini kikombe nakiona kitupu."

Baba akakitazama kikombe kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyostahili. Akainuka taratibu. Mlangoni akasema, bila kugeuka, "Kesho atakaa hapo kama mtu yeyote. Kanuni haijabadilika." Lakini habari ya kukata hakuigusa tena. Na timazi yake aliisahau, inaning'inia kwenye benchi. Nikaichukua nikaitia kwenye mkoba wangu.

Jumapili ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mimi niko kwaya, kwa hiyo nakaa mbele nikitazamana na watu, na wazee wa kanisa nao wanakaa mbele wakitazamana na watu. Yaani mimi na Baba tulikuwa tunaona kitu kimoja.

Kaka aliwahi. Shati lake lilikuwa na mikunjo ya pasi inayoweza kukata mkate. Akaingia, akatafuta lile benchi la kuku nililomsimulia, hakuliona. Akaliona hili. Akasimama kidogo, kama aliyeingia nyumba isiyo yake, kisha akakaa mwishoni kabisa, upande wa mlango. Hakuegemea.

Benchi lote lililobaki likawa tupu. Na shingo zikaanza. Moja, nyingine, safu nzima. Mama mmoja akamvuta mtoto wake karibu, kana kwamba ulevi unaruka kama kiroboto. Mtoto naye, kwa ile sauti ambayo watoto hupewa wakati wa ukimya tu, akauliza: "Mama, mlevi ni yule?"

Mama yangu mzazi akaushika mkoba wake kwa mikono miwili. Mimi nikapoteza ukurasa wa wimbo.

Na ng'ambo ya barabara, kama waliopatana, baa ikaanza kujaribu spika zake.

Nikamwona Kaka ameangalia mlango. Akaangalia mikono yake. Akaangalia mlango tena. Kisha akasimama.

Ningependa kusema nilipiga kelele au nilikimbia. Nilibaki nimekodoa macho na karatasi za wimbo mkononi. Aliyesimama ni Baba. Aliinuka kwenye kiti chake kile kilichonyooka, akashuka jukwaani, akaanza kutembea katikati ya kanisa. Watu wakajua anakwenda kumkemea. Hata mimi nilidhani hivyo. Kaka naye alidhani hivyo. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa.

Mchungaji akakatiza maneno. "Mzee, kuna nini?"

"Mgongo, Mchungaji," Baba akasema akiwa njiani. "Endelea tu."

Watu wakacheka. Baba akafika kwenye benchi, akakaa. Akaegemea. Kisha akapapasa mbao pembeni yake, na akanong'ona. Lakini Baba ni mtu wa kuita vibarua kutoka ghorofa ya juu. Mnong'ono wake kanisa zima lilisikia.

"Kaa, mwanangu. Benchi hili ni refu mno kwa mtu mmoja."

Mkono wa Kaka ukabaki kwenye kitasa. Spika ya baa ikapiga mlio. Kisha mkono ukateleza, ukashuka, na Kaka akakaa. Hapana, hakukaa, aliangukia. Mgongo wa benchi ukampokea, kama Mjomba alivyosema utafanya.

Mtadhani huo ndio mwisho. Sivyo. Kwetu wazee ndio wanaopitisha mkate, na aliyepangiwa safu za nyuma siku hiyo alikuwa mzee mwenye duka, akiwa macho kabisa, bila koromo hata moja. Akafika kwenye benchi na sahani yake, akasimama. Kanuni inasema aliyekaa hapo anarukwa. Lakini hapo amekaa Timazi. Akamsogezea Baba sahani, akiipitisha mbali na Kaka kama anayekwepa shimo.

"Chukua, mzee mwenzangu."

Baba akatikisa kichwa. "Aliyekaa hapa hapewi. Ninayeisimamia kanuni ni mimi."

"Lakini wewe huna kosa."

"Nani kakuambia?"

Mzee mwenye duka akairudisha sahani kifuani. Kwaya tulitakiwa kuimba wakati huo, hatukuimba. Na Baba hakuwa anajigamba kwa unyenyekevu, kama wanavyofanya wengine wakipata watazamaji. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimwona akimeza mate kama mwenye njaa.

Mchungaji akashuka. Akachukua sahani mikononi mwa mzee mwenye duka, kwa upole, akasimama mbele ya benchi.

"Meza hii si ya kamati," akasema. "Ni ya Bwana. Na usiku ule alipoiandaa, alijua nani atamkana kabla jogoo hajawika, na bado alimpa. Sisi tumekuwa wakali kuliko mwenye meza."

Akamega. Akampa Kaka kwanza. Mikono ya Kaka ilitetemeka, na kila mtu mle ndani alijua kwamba safari hii si pombe. Kisha akamgeukia Baba. Baba akakinga viganja vyote viwili, vile viganja vigumu kama mwiko, akaviweka pamoja kama mtoto anayepewa karanga.

Hapo nikasikia viatu vinakokotwa sakafuni. Yule mama aliyevunja kiti cha plastiki ameinuka safu ya katikati, anakwenda nyuma na mkoba wake.

"Sogeeni," akamwambia Baba. "Mimi ndiye mwenyeji wa huku."

Kanisa likacheka na kulia kwa pamoja, sijui niliite nini. Bibi mmoja akamfuata, kisha mwanamume mmoja ambaye hakuna aliyejua ana nini. Benchi likajaa. Waliokosa nafasi walisimama pembeni yake. Mjomba, aliyekuwa safu ya ukutani, alikuwa ameziba uso kwa kofia. Alidai ni vumbi. Kanisani!

Jioni Kaka alikula nyumbani. Mama alimpakulia mpaka sahani ikawa haionekani. Baba alikula kimya, kama kawaida yake, nikadhani yameisha. Kisha akaweka kijiko chini.

"Mke wangu, miaka yote hii nimekuwa nikipitisha ile sahani na kuchukua changu. Nilikuwa nachukua kama mshahara." Akajikuna kiganja. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimepewa."

Mama akaivuta sahani yake. Akamwongezea mboga. Kaka akainamia sahani yake, na mimi nikaona kila kitu mezani kinang'aa: vijiko, bakuli lile nililolibeba jioni zote zile, hata kikapu cha vitunguu. Kama mnajua jina la hali hiyo zaidi ya shukrani, niambieni. Mimi nimelikosa, na maneno ndiyo kazi yangu.

Asubuhi Baba akasimama mlangoni mwa chumba changu, ameshavaa nguo za kazi.

"Redio, timazi yangu unayo?"

"Ninayo, Baba. Nilidhani umeiacha kabisa."

"Niiache kwa nini? Tuna ukuta leo."

Alisema "tuna". Nikachungulia nyuma yake. Kaka alikuwa uani na mwiko wake mkononi, anasubiri. Nikampa Baba timazi yake mbio mbio kabla sijamlowanishia koti. Kuta zake bado zinasimama wima, na akikuta iliyopinda bado anaibomoa. Maana nyumba isiyonyooka inaua watu. Hilo hata Mjomba hapingi.

Benchi liko palepale nyuma. Siku hizi ukitaka kulikalia uamke mapema, maana wazee wenye viuno vibovu wameligundua, na mwenyeji wa huku hukaa katikati akigawa nafasi kama kondakta. Anayerudi baada ya kuanguka hupewa nafasi pembeni ya Baba, ambaye sasa hukaa huko nyuma. Ibada ikianza, shingo hazigeuki. Zikigeuka huona safu nzima ya watu, na hakuna anayejua aliyeanguka ni yupi.

Mjomba bado anakalia ndoo. Lakini majuzi Baba alikuja karakana, na Kaka nyuma yake amebeba begani mbao nyekundu, ngumu, sijui walikozipata. Wakazilaza sakafuni.

"Hizi ni za kiti chako," Baba akamwambia. "Ukimaliza hicho, kuna kazi nyingine ya kanisa. Vile viti vya wazee kule mbele. Vibadilishe migongo."

Mjomba akachomeka penseli sikioni, akajifanya hajasikia vizuri. "Ilale kiasi gani, shemeji?"

Baba hakutafuta utepe wala kamba. Akavuta stuli, akakaa bila kukaribishwa.

"Redio," akasema, "chemsha chai. Tutajua."